Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Kampuni za Simu: Tuonyesheni Vipimo vya Laini Zetu

Kwa wakuu wa kampuni za simu, na kwenu mnaosimamia mawasiliano kwa niaba ya umma.

KUH: KASI NDOGO YA INTANETI KWENYE LAINI ZA SIMU ZA SHABA

Waheshimiwa,

Mteja wa intaneti ya laini ya simu akipiga kulalamika kwamba kasi imeshuka, majibu atakayopewa yanajulikana hata kabla hajamaliza kusema. Zima ruta, subiri kidogo, washa. Ikishindikana, ataambiwa kwamba kwa upande wenu laini haina tatizo. Akizidi kung'ang'ania, ataletewa fundi atakayepachika simu yake kwenye soketi, asikie mlio, aandike kwamba laini ni nzima, aondoke. Mteja atabaki na video ile ile inayozunguka bila kufunguka.

Naandika nikiwa mmoja wa wateja hao. Sidai faiba ifike kila mlango kesho asubuhi. Najua kuchimba mitaro kuna gharama na kunachukua muda. Dai langu ni dogo, na mnaweza kulitimiza bila kununua hata mita moja ya kebo: tuonyesheni vipimo vya laini zetu. Mnavyo. Mtambo wa kituoni unaozungumza na modemu yangu unavipima mchana na usiku, na kompyuta zenu zinavitunza. Ndivyo vinavyosaidia kujua kama shida ni umbali, kelele (yaani mwingiliano wa umeme unaoingia kwenye waya), kiungo kilichooza, msongamano wa jioni, au soketi ya chumbani kwangu. Bila vipimo hivyo, mteja anakisia, na mhudumu anayempokea simu naye anakisia.

Nianze na waya wenyewe, maana mengi yanatokea humo. Jozi ya nyuzi mbili za shaba zilizosokotwa pamoja iliwekwa kwa ajili ya sauti ya mtu, ambayo kwenye simu huchukua masafa ya hezi 300 hadi 3,400 tu. ADSL, teknolojia ya kupitisha intaneti kwenye waya wa simu, ambayo kiwango chake cha kimataifa kilipitishwa mwaka 1999, ilikuja kutumia nafasi iliyobaki wazi juu ya sauti hiyo, mpaka megahezi 1.1. ADSL2+ ya mwaka 2003 ikapanda mpaka megahezi 2.2. Nafasi hiyo imekatwa vipande vyembamba vya kilohezi 4.3125 kila kimoja, jumla 512 kwa ADSL2+, na modemu hupima kila kipande peke yake. Palipotulia inabebesha biti nyingi, mwisho 15. Penye kelele inabebesha mbili tatu. Pasipofaa inaparuka. Kasi anayoipata mteja ni jumla ya biti za vipande vyote hivyo.

Sasa shaba haielewani na masafa ya juu. Kadiri waya unavyorefuka, ndivyo vipande vya juu vinavyofifia, na vile vya juu kabisa ndivyo vinavyokufa mwanzo. Ni kama watu wawili wanaosemeshana kutoka pande mbili za uwanja: umbali unafifisha sauti, na zogo la waliopo katikati linameza kilichobaki. Aliye jirani kabisa na kituo anaweza kuzikaribia zile megabiti 24 kwa sekunde za kwenye matangazo. Waya ukifika kama kilomita 3, faida ya ADSL2+ juu ya ADSL ya kwanza imekwisha karibu yote. Kwenye kilomita 5, kupata megabiti 1 au 2 ni jambo la kushukuru. Tena urefu unaohesabika ni wa waya, si wa ramani. Waya hufuata barabara, huzunguka, hupitia kwenye kabati la simu la mtaani, na nyumba inayoonekana kutoka kituoni inaweza kuwa na waya mrefu kuliko nyumba ya mtaa wa nyuma. Unene nao una nafasi yake: waya wa milimita 0.4 hupoteza mawimbi zaidi ya wa milimita 0.5. Na kuna sehemu, Uingereza ikiwamo, ambako aluminiamu ilitumika wakati shaba ilipokuwa ghali, na aluminiamu hupitisha umeme vibaya kuliko shaba.

Mambo haya mnayo kwenye kumbukumbu zenu kabla hamjamuuzia mtu huduma. Mnaujua waya umetoka wapi na umefika wapi, na majirani zake wanaopita kabati hilo hilo wanapata ngapi. Hata hivyo wote tunaonyeshwa tangazo moja lenye namba moja kubwa, tunasaini, kisha kila mtu anajionea mwenyewe alichoangukia. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, ilhali muuzaji ameshampima.

Namba ninazozidai ni chache. Kwanza, kasi ya muunganisho, yaani ile ambayo modemu na mtambo wa kituoni wamekubaliana. Pili, upotevu wa mawimbi njiani, unaopimwa kwa desibeli: ukiwa chini ya 20 laini ni fupi na nzuri, ukivuka 60 basi huko ni mbali sana. Tatu, akiba dhidi ya kelele, nayo kwa desibeli, ambayo ni nafasi iliyoachwa kati ya kasi hiyo na zogo lililopo. Kwa kawaida huanzia 6. Nne, idadi ya makosa na mara ambazo laini imekatika. Ruta nyingi zina ukurasa wa ndani unaoonyesha yote hayo. Lakini baadhi yenu mnatugawia ruta ambazo ukurasa huo umefungwa au umeondolewa kabisa, na kinachobaki ni taa moja ya kijani inayosema mambo ni shwari. Mtasema namba zitawachanganya wateja. Asiyezitaka hatazifungua.

Tazameni namba hizo zinavyofanya kazi. Upotevu ni desibeli 25 lakini kasi ni megabiti 3: hapo umbali si kisingizio, kuna kitu kimeharibika. Upotevu ni 58 na kasi ni megabiti 3: hapo laini imetoa karibu kila ilicho nacho, na mteja aambiwe ukweli huo mapema, aache kununua ruta mpya akidhani ndiyo dawa. Kasi ya muunganisho ni megabiti 8 asubuhi na ni hizo hizo 8 saa 3 usiku, ila kupakua kunashuka mpaka megabiti 1, na ni jioni tu: waya hauna kosa, ni njia ya kutoka kituoni kwenda mbele iliyojaa watu, na hiyo ni kazi yenu kuipanua. Mambo matatu tofauti, na leo yote matatu yanajibiwa kwa zima uwashe.

Kuhusu hilo la kuzima na kuwasha nitakaa kidogo, kwa sababu ushauri huo wakati mwingine unaongeza ugonjwa. Kampuni nyingi zina mfumo unaochunga laini wenyewe bila mtu kuugusa. Ukiona muunganisho unakatika mara kwa mara, unaamua kwamba laini haijatulia, na unapandisha akiba dhidi ya kelele kutoka desibeli 6 kwenda 9, 12, hata 15. Mfumo wa namna hiyo si lazima ujue kama ni radi iliyokata muunganisho au ni mteja aliyeambiwa na mhudumu wenu achomoe waya wa umeme. Kukatika ni kukatika. Akichomoa mara nyingi kwa siku moja kwa utiifu, anaweza kuadhibiwa kwa utiifu wake.

Na adhabu yenyewe inahesabika. Kila biti moja ya ziada kwenye kipande inahitaji desibeli 3 za ziada. Akiba ikipandishwa kwa desibeli 3, kila kipande kinachofanya kazi hupoteza takriban biti moja. Chukueni laini ndefu yenye vipande 200 vilivyo hai. Modemu hutuma mafungu 4,000 kwa sekunde, na katika kila fungu kila kipande hubeba biti zake. Biti 200 mara 4,000 ni biti 800,000, yaani megabiti 0.8 kwa sekunde zimeondoka. Kutoka 6 hadi 12 zinaondoka kama megabiti 1.6. Aliye karibu na kituo mwenye megabiti 20 hatagundua kitu. Aliye mbali mwenye megabiti 4 amenyang'anywa zaidi ya theluthi. Tena mfumo huo huo unaweza kuanza kuchanganya data, ili kelele ya ghafla isiharibu fungu zima. Makosa hupungua, lakini kila ombi huchelewa zaidi, na anayezungumza kwa video hulihisi pengo.

Sikatai mfumo kulinda laini. Ninachokataa ni kwamba ukishapandisha akiba, unaweza kukaa nayo siku nyingi hata baada ya chanzo kuondolewa. Fundi amekuja, amebadilisha kiungo kibovu, ameondoka, na kasi imebaki pale pale ilipokuwa, kwa hiyo mteja anaamini fundi hakufanya kitu. Kila matengenezo yamalizwe kwa kufuta kumbukumbu hiyo na kuiacha laini ijipime upya. Ni amri moja ya kompyuta.

Nikubali kwamba sehemu ya shida iko ndani ya nyumba zetu. Simu iliyochomekwa bila filta, yaani kifaa kidogo kinachotenga sauti na intaneti, huingilia masafa ya intaneti. King'ora cha wezi na mashine ya faksi pia, na hivyo ndivyo vinavyosahaulika. Nyaya za simu zilizorefushwa kutoka chumba hadi chumba, hasa zile bapa zisizosokotwa, hunasa kelele kama antena. Dawa yake ni kuleta modemu kwenye soketi ya kwanza pale laini inapoingilia, kisha kupeleka kebo ya mtandao hadi kwenye kompyuta. Kebo hiyo huenda mita 100 bila kupoteza kasi, ilhali waya wa simu wa ndani unaweza kuharibu mengi kwa mita chache. Na kabla ya kuilaumu laini, mtu apime kwa kebo, si kwa waifai, kwa sababu masafa ya gigahezi 2.4 yanagombaniwa na majirani wote pamoja na oveni ya maikrowevu. Vilevile megabiti si megabaiti: megabiti 8 ni megabaiti 1 kwa sekunde, na sehemu ya hiyo huliwa na vichwa vya pakiti, yaani anwani zinazotangulia kila kifurushi cha data. Kwenye ADSL ya kawaida, baiti 5 katika kila 53 ni anwani tu.

Haya yote yangetosha kwenye karatasi moja ndani ya boksi la ruta. Badala yake boksi linakuja na picha za familia inayocheka.

Kuna uchunguzi mmoja ambao wahudumu wenu wangeweza kuufundisha kwa dakika mbili. Chukua redio ndogo ya betri, iweke mawimbi ya kati, mahali pasipo na stesheni, sauti juu. Tembea nayo karibu na adapta za umeme, taa, televisheni. Adapta inayokaribia kufa hupiga mvumo mkali ukiisogelea, na mvumo huo mara nyingi ndio unaoingia kwenye waya wa simu. Mawimbi ya kati yako kati ya kilohezi 530 na 1,600 hivi, katikati kabisa ya masafa ya ADSL2+. Ndiyo sababu pia baadhi ya laini hulegea jua linapozama: usiku mawimbi hayo husafiri mbali sana, stesheni za nchi nyingine zinaingia, na akiba inashuka desibeli kadhaa bila mtu yeyote kugusa kitu. Mteja aliyeona namba yake ikishuka kila magharibi anaelewa. Asiyeiona anamlaumu mtoto kwa kucheza gemu.

Lingine linalozuka ndani ni upande wa kupakia. ADSL hutoa megabiti 1 hivi kwenda juu. Simu moja ya mkononi ikianza kupandisha picha za juma zima, njia hiyo nyembamba inajaa, risiti za data iliyopokelewa, ambazo mtumaji huzisubiri ili aendelee kutuma, zinakwama kwenye foleni ndani ya ruta, na kupakua nako kunasimama ingawa upande wa kushuka uko wazi. Hapa lawama ni ya mnaochagua ruta. Wataalamu wa mitandao Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha mwaka 2012 mbinu iitwayo CoDel ya kuzuia foleni zisivimbe, na ipo bure kwenye programu za wazi. Hakuna sababu ya kuendelea kugawa ruta zisizo na kitu cha aina hiyo, hasa kwa wateja wa laini nyembamba ambao ndio wanaoihitaji zaidi.

Sasa nje ya nyumba. Mafundi wengi, na sisemi wote, wanaipima laini kwa sikio. Sauti ikiwa safi, laini imepita. Lakini sauti na intaneti havishiriki masafa, na kipimo cha kimoja hakithibitishi kingine. Uzi mmoja kati ya zile mbili unaweza kukatika, simu ikawa bubu, na modemu ikaendelea kuunganika kwa kasi ya kinyonga kwa sababu mawimbi ya juu yanaruka pengo. Kinyume chake nacho kipo: simu inasikika vizuri kabisa huku kiungo cha juu ya nguzo kikiwa kimeota kutu ya kijani, kimeshika kwa ncha, na kila mvua inaponyesha makosa yanafumuka kwa maelfu. Dalili mojawapo ni intaneti kukatika kila simu inapolia. Ikitokea hivyo, ama filta ni mbovu ama kuna kiungo legevu, na huhitaji shahada kuliona hilo, unahitaji orodha ya saa ambazo laini ilikatika. Orodha hiyo mnayo. Mpeni fundi kabla hajapanda gari, na muache kumlipa kwa idadi ya kazi alizofunga kwa siku, kama ndivyo mnavyomlipa.

Kwenu wasimamizi. Mnayo mifano ya kuiga, na haikuanza jana. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2015/2120 inataka mkataba wa intaneti ya nyumbani utaje kasi ya chini kabisa, kasi inayopatikana kwa kawaida, kasi ya juu kabisa na kasi ya kwenye tangazo. Uingereza, tangu Mei 2018, kasi inayotangazwa lazima iwe inapatikana kwa angalau nusu ya wateja kati ya saa 2 na saa 4 usiku. Kabla ya hapo ilitosha ikipatikana kwa mmoja katika kila kumi. Chini ya utaratibu wa hiari wa Ofcom, msimamizi wa mawasiliano wa huko Uingereza, ulioimarishwa Machi 2019, kampuni iliyousaini ikishindwa kurudisha kasi ya chini iliyoahidi ndani ya siku 30, mteja anaruhusiwa kuvunja mkataba bila faini. Ujerumani, tangu Desemba 2021, mteja ambaye vipimo vinaonyesha anapata pungufu ya alichoahidiwa ana haki ya kupunguza malipo.

Sheria hizo zinashughulikia kasi inayomfikia mteja, na ni mwanzo mzuri. Ila kwa laini ya shaba hazitoshi, kwa sababu mzozo unaofuata huwa ni wa chanzo: kampuni inasema ni nyumbani kwako, mteja anasema ni nguzo yenu. Ongezeni kifungu cha vipimo. Kabla ya kusaini, mteja apewe makadirio ya upotevu na kasi ya laini yake mwenyewe, siyo ya mtaa. Baada ya kusaini, aweze kuona namba zake za siku 30 zilizopita. Na lalamiko lisifungwe kwa kuandika kwamba laini ni nzima bila kuambatanisha vipimo vya intaneti vilivyochukuliwa siku hiyo.

Najua jibu lililo tayari: shaba inaondoka, faiba inakuja, ya nini kuhangaika na waya wa zamani. Kwanza, VDSL2, inayoleta mtambo hadi kwenye kabati la mtaani na kufupisha shaba iwe mita mia chache tu, imekuwapo tangu mwaka 2006, na mbinu ya kufuta mwingiliano kati ya jozi za waya ilipata kiwango chake mwaka 2010. Kwa hiyo waya wa zamani ulikuwa na uhai zaidi ya mnavyotuambia. Pili, kama kweli tarehe ya kuufunga mmeshaipanga, ichapisheni mtaa kwa mtaa, ili mtu ajue kama anasubiri mwaka mmoja au kumi kabla hajasaini mkataba mwingine. Mpaka siku hiyo bili zinatoka kila mwezi kwa waya huo huo.

Mkitaka pa kuanzia mwezi huu, anzeni na ruta. Tumeni sasisho la programu litakalofungua ukurasa wa hali ya laini kwenye zile mlizokwisha kutugawia, na mwongozo wa ukurasa mmoja wa kuusoma. Hilo halihitaji kibali cha kuchimba barabara.

Wenu,
Mteja wa laini ya shaba